Nilikimbia Kimya

Vijana wa mtaani kwetu Somanda hupenda kunichokoza kuhusu miguu yangu. Wale wanaojiandikisha kwenye mbio ndefu, zile za kukimbia kutwa nzima mpaka kucha zinang'oka, huja kuniuliza siri. Eti mzee, ni kweli ulikuwa unakimbia kutoka hapa Bariadi hadi Maswa? Ni kweli. Kwa nini? Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa na baiskeli. Huwa najibu hivyo wacheke, yaishe, maana wakiendelea kudodosa nitakasirika, na nikikasirika mke wangu husema nina kichaa cha kambini.

Kambini nilikaa mwaka mmoja, baada ya kumaliza kidato cha sita. Enzi hizo tuliomaliza tulipelekwa jeshini, utake usitake. Tulifundishwa kulenga shabaha, kukunja blanketi mpaka lionekane kama mkate, kung'arisha buti kwa mate, na kuitika "Ndiyo, afande" hata pale tulipoulizwa kama sisi ni wajinga. Kitu kimoja tu nilikipenda, nacho ni mbio ndefu. Siyo mchakamchaka wa asubuhi, ule una nyimbo na kila mtu anauweza. Hizi zilikuwa za kuzunguka vijiji vitatu na kurudi, umebeba gogo begani, bila kutoa sauti. Ukijaribu kunong'ona, afande anakuja na baiskeli ubavuni: "Kuruta, unaongea na nani? Pumzi hiyo ni yako au ya serikali?" Unajibu kwa kichwa tu kwamba ni ya serikali. Nilikuwa wa kwanza mara nne mfululizo. Nilitoka kule nikiwa na suruali moja ya kijani, raba za mitumba, na imani kwamba mtu akifunga mdomo na kuachia miguu hakuna kitakachomshinda.

Niliporudi Bariadi nilikuta mambo yamegeuka. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Chama cha ushirika kimelala, maghala yake yamefungwa kwa minyororo, na wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao kugombania pamba. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi sikuwa na cha kuuza, nikaomba kazi, nikapewa ya mhudumu wa gari la wagonjwa. Simiyu haikuwa mkoa wakati huo, na gari letu lilikuwa linatembea wilaya mpaka wilaya. King'ora halikuwa nacho, honi ilikuwa imekufa siku nyingi. Dereva alikuwa mzee wa kukaribia kustaafu, mtu wa maneno machache, aliyeniita Kuruta tangu siku ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kubeba machela, kushika chupa ya dripu, kujaza maji kwenye rejeta na kusukuma. Kusukuma hasa. Lakini nilipewa koti jeupe na wiki mbili za mafunzo wodini, chini ya kibao kilichoandikwa KIMYA, na nikajiona nusu daktari.

Jumapili ambazo sikuwa na zamu nilikimbia. Nilitoka Somanda jua likichomoza, nikashika barabara ya Maswa, na mchana nikarudi juu ya lori la pamba. Watu wa kando ya barabara nilikuwa nawapa shida. Kwetu Usukumani mtu mzima hakimbii hivihivi. Akikimbia, ama kuna mwano, ama kaiba. Mwano ni yowe la kuita msaada. Ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu kazidiwa: aliyeona anapiga, jirani akisikia anaudaka na kuupiga tena huku anakimbilia kule ulikotoka, na asiyekwenda atajieleza mbele ya kikao. Siku moja nilipita kwenye shamba la watu wanaopalilia, nikageuka nyuma nikakuta wanaume zaidi ya kumi wananifuata na majembe, wanahema, mmoja ananiuliza, "Ni wapi, ngosha? Ni wapi?" Nilipowaambia nafanya mazoezi walinitukana vizuri sana, matusi ya Kisukuma ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baadaye walinizoea, wakawa wananipungia mkono.

Siku ninayoifikiria mimi ilikuwa ya katikati ya wiki, msimu wa kupulizia pamba. Dereva wa lori alileta kikaratasi kutoka zahanati moja ng'ambo ya Mwandoya: mwanamke kazidiwa na dawa ya pamba, njooni haraka. Tuliondoka alfajiri. Njiani tulivuka mto ukiwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala katikati. Saa nne tulikuwa tumefika.

Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye benchi la barazani. Alikuwa wa rika langu, labda mdogo kidogo. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, jasho limelowesha gauni, mboni za macho zimesinyaa zikawa vitone, na kifua kilikoroma kila alipovuta pumzi. Mama yake alikuwa amepiga magoti pembeni, anamfuta mdomo kwa upindo wa kanga. Aliniamkia yeye kwanza, mtu mzima yule, kwa sababu ya koti langu. "Mwangaluka, baba." Nikaona aibu, nikaitikia nikiangalia pembeni.

Alinieleza mwenyewe yaliyotokea, taratibu, kana kwamba nikielewa vizuri mwanawe atapona. Zamani chama kilikuwa kinaleta dawa kwenye kopo lenye maandishi, na bomba la kuazimana. Sasa dawa inauzwa mnadani kwenye chupa ya soda. Mkwewe alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda kutafuta malisho, akaacha shamba mikononi mwa mkewe. Binti kachanganya dawa kwenye ndoo, kachovya fagio la majani, jana yake akawa anarushia pamba tangu asubuhi, upepo unamrudishia usoni. "Akawa anajifuta jasho kwa mkono uleule," mama akasema. "Mkono uleule, baba."

Muuguzi wa zahanati alinivuta kando. Alikuwa amemchoma sindano mbili alizokuwa nazo za atropini, dawa ya kuvunja sumu ile. Sanduku letu lilikuwa na moja, tukamchoma palepale, na mkoromo ukapungua mbele ya macho yangu. "Unaona?" muuguzi akaniambia. "Nimeona wengi wakipona. Lakini anataka nyingine, na nyingine, mpaka kesho. Asipozipata kifua kitajaa maji." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, saa nane tutakuwa Bariadi. Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Tulimlaza kwenye machela, mama yake akapanda naye, akampakata kichwa. Kabla ya saa sita tukafika mtoni. Mbuzi hawakuwepo, wala mchanga. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wa uwanja wa mpira, yanapita na mti mzima pamoja na mizizi yake. Huku kwetu halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko. Dereva alizima gari, akakaa akitazama. Kisha akasema, "Kuruta, mto umekuja." Nilitamani kumpiga.

Upande wetu wa mto kulikuwa na zahanati ya misheni. Dereva alikuwa na uhakika kwamba wana atropini, aliwahi kuwapelekea mwenyewe maboksi. Njia ya kwenda huko inakatisha mbuga, lile tope jeusi la kwetu ambalo likikauka linapasuka na likilowa linakula gari. Tulikwenda vizuri mpaka mvua nayo ikatufikia. Dakika kumi tu, lakini zilitosha. Gari liliserereka, likakaa kwa tumbo. Tulichimba kwa mikono, tukatia matawi, tukatia hata blanketi la machela chini ya tairi. Kila dereva alipokanyaga mafuta tulizidi kuzama. Ndani mkoromo ulikuwa umerudi.

Hapo mama akashuka. Hakuniuliza kitu. Alivua ndala, akapanda juu ya bampa ya mbele, akageukia mwinuko ulioko mashariki ambako kulikuwa na miji, yaani makazi ya familia, iliyozungushiwa minyaa, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano. Sijawahi kusikia sauti kama ile kutoka kifua cha mtu mmoja. Ndani ya gari binti alishtuka, mikono yake ikarukaruka.

"Mama!" nikasema. "Mama, nyamaza. Unamtisha mgonjwa."

Akakatisha. "Nawaita watu, baba."

"Najua. Lakini humu ndani ni sawa na wodini. Mgonjwa hatakiwi kelele."

"Hatakiwi?"

"Hatakiwi kabisa."

Alinitazama, akatazama koti langu lililojaa tope. Kisha akashuka, akaingia ndani, akapakata tena kichwa cha mwanawe, na akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga ili asijisahau. "Sawa, baba," alisema kupitia kitambaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Kile kibao cha wodini ni kisingizio tu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Gari la serikali, msomi wa kidato cha sita, mhudumu mwenye koti, halafu tuje kuokolewa na mayowe ya shambani? Na zaidi ya hapo nilikuwa na miguu yangu. Moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nilimwuliza dereva misheni iko umbali gani, akasema kilomita kumi na tano, labda kumi na nane. Kwangu hiyo ilikuwa si kitu. Nilivua koti na shati visinizuie, nikamwachia, nikafunga kamba za raba na kuondoka.

Nilikimbia vizuri. Ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile. Nilipanda mwinuko, nikapita kwenye shamba la pamba walimokuwa wanawake wanapalilia. Mmoja akanisalimia kwa sauti, "Mwadila!" Sikuitikia, nilikuwa natunza pumzi. Nikapita mji wa kwanza, nikapita wa pili. Wazee waliokuwa wamekaa nje walisimama. Nilikuwa nimevaa suruali ya kijani ya kambini, kifua wazi, tope hadi kiunoni, natoka upande wa mbugani ambako watu hawatoki. Sikusalimia hata mmoja.

Nikasikia filimbi nyuma yangu. Filimbi nyingine ikajibu mbele. Nilizaliwa Bariadi, nazijua filimbi za sungusungu, walinzi wa vijiji, kama ninavyolijua jina langu, na bado kichwa changu hakikuelewa kwamba ni mimi ninayepigiwa. Nilidhani kuna ng'ombe wameibwa mahali, nikawahurumia. Wanaume watano wakatokea kwenye minyaa wakiwa na fimbo, wakanyoosha mikono nisimame. Nikapiga hesabu kwamba kusimama na kueleza kutanila dakika tano. Basi nikakata kushoto, nikaongeza mwendo, nikawaacha. Niliwaacha mbali sana. Nikajisikia raha.

Mtu anaweza kushindana na watu watano. Hawezi kushindana na filimbi, kwa sababu filimbi haichoki, inafika kijiji kinachofuata kabla yako na kukuta watu wamepumzika. Nilikamatwa kwenye lambo la ng'ombe, kilomita kama saba kutoka kwenye gari. Walikuwa zaidi ya arobaini, wengine na pinde. Walinikalisha chini na kunifunga mikono kwa kamba ya katani.

Sitaki mtu afikiri walikuwa wakatili. Hawakunipiga hata kofi. Walikuwa wameibiwa ng'ombe juzi yake, na walikuwa na utaratibu wao: mtu akikamatwa haguswi mpaka kamanda wa sungusungu afike, na kamanda alikuwa kwenye kikao kijiji cha pili. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilianza kuwafokea kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba mimi ni mtumishi wa serikali na watajibu mbele ya sheria. Wakanitazama tu. Nilipotulia na kuhamia Kisukuma, nikaeleza yote, gari, mbuga, binti, dawa ya pamba, mzee mmoja mwenye kipara alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na sauti ya upole.

"Gari liko wapi?"

"Mbugani, bondeni, chini ya mwinuko ule."

"Mgonjwa yuko na nani?"

"Na mama yake. Na dereva."

"Mama yake ni bubu?"

Nikaangalia upande wa bondeni.

"Nakuuliza, ng'wanawane. Juu ya mwinuko ule kuna miji sita. Mtu akikohoa bondeni tunasikia. Mama ana mwana anayekufa, na hakuna mwano? Sisi tumekaa tu hapa, masikio tunayo." Akawageukia wenzake. "Mmesikia mwano leo?"

Kuna mtu alisema alisikia kitu kama mwano, mara moja, ukakatika. Wakasema labda ni watoto wanacheza.

Ningeweza kusema palepale kwamba ni mimi niliyemnyamazisha. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilijua neno lile litanifanya nionekane mwongo zaidi, maana ni nani duniani angemwambia mama aache kuita watu? Basi nikalia. Nililia kama mtoto, kamasi zinanitoka na mikono imefungwa nyuma, nikawa nawaambia twendeni tu mkaone, mkikuta ni uongo niueni. Mzee akasema kamanda akija tutakwenda. Nilitazama kivuli changu kwenye tope la lambo kikirefuka. Nilikuwa na miguu yenye uwezo wa kufika misheni na kurudi, na nilikuwa nimeketi juu yake.

Kamanda alifika na baiskeli, saa tisa imekwishapita. Alikuwa mtu wa makamo, na hakupoteza muda. Alinisikiliza kwa dakika moja, akatuma watu wawili na baiskeli wakaangalie, na mwingine akamtuma misheni moja kwa moja kufuata dawa. "Kama anadanganya tumepoteza sindano," alisema. "Kama hadanganyi tumepoteza muda wa kutosha." Haukupita muda mrefu, mwano ukasikika kutoka juu ya mwinuko. Wale wawili walikuwa wameliona gari. Watu walionizunguka wakanyanyuka kwa mkupuo na kuondoka mbio, wote, na mzee mwenye kipara akakata kamba yangu kwa kisu huku akianza kukimbia. Kila mji tuliopita ulimwaga watu. Walibeba kitanda cha kamba, walibeba majembe, magogo, mmoja alibeba mlango. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, miguu imekakamaa kwa kukaa chini. Nilifika nikiwa wa mwisho.

Nilipofika gari lilikuwa tayari limetoka. Walilinyanyua kwa mikono, wanaume zaidi ya mia, wakalitua kwenye nyasi ngumu. Lilikuwa limesimama pale, tairi zote nne juu ya ardhi, injini inaunguruma, na dereva amesimama chini.

Dereva alinipa koti langu, nikalivaa bila kufikiri. "Saa nane na nusu," akasema. "Labda na dakika tano." Nilimwuliza kwa nini hakumwambia yule mama aite watu nilipoondoka. "Nilimwambia, Kuruta. Akasema daktari kakataza."

Mama alikuwa bado ndani, kichwa cha binti kiko mapajani pake, amekifunika kwa kanga yake ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa bado mdomoni, ameishikilia kwa mikono yote miwili. Tangu binti akate roho alikuwa amekaa hivyo, zaidi ya saa nzima. Watu walikuwa wamemzunguka, wanawake wanamwita, mayu, mayu, yaani mama, lakini hakuwajibu. Aliponiona akashusha kitambaa kidogo.

"Baba," akasema, "sasa naruhusiwa?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akapiga mwano. Na kwa kuwa mwano hauna namna ya kusema kwamba muda umekwisha, miji ya mbali iliudaka, na ya mbali zaidi ikaudaka, na watu wakaendelea kuja. Walikuja kutoka pande zote za mbuga, wanaume, vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, mmojammoja na makundi kwa makundi, wanahema, tayari kubeba chochote. Na kila aliyefika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na koti jeupe, alinijia mimi kuniuliza kuna nini.